Mvua ya Mahenge, Maji ya Ndundu

Msichana akipitisha siku zake, katika nyumba nyingi za kwetu swali la kwanza huwa moja: nani? Ni hivyo Ndundu, ni hivyo Kibiti, na ukishuka hadi kwenye mikoko ya delta utalikuta lile lile. Haulizwi mwezi huu amekula nini, wala analala saa ngapi, wala homa yake ya mwisho ilikuwa lini. Anatafutwa mwanamume. Msichana akikana huku analia, machozi yenyewe yanageuzwa ushahidi.

Siwalaumu sana wazazi, maana swali hilo limebebeshwa mambo mengi. Kanuni za mwaka 2002 za kuwafukuza wanafunzi zilitaja makosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa humo. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikarekebishwa, anayempa mwanafunzi mimba akawekewa kifungo cha miaka 30. Juni 2017 Rais John Magufuli, akiwa ziarani mkoani kwetu Pwani, akasema hadharani kwamba katika uongozi wake hakuna mwanafunzi atakayezaa akarudi shuleni. Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu, akatangaza kwamba waliojifungua waruhusiwe kurudi masomoni. Mlango ukafunguliwa, sawa. Lakini hofu ya miaka karibu 20 haifutwi na tangazo. Kwa hiyo siku mbili tatu zikipita bila dalili, nyumbani wanaona shule iliyopotea, kesi polisi, na wazee wa pande mbili waliokaa mkekani wakipatana kiasi cha kumaliza mambo. Yote hayo kabla mtu hajanunua hata kipimo cha mkojo.

Binti wa kaka yangu alikuwa kidato cha nne mwaka 2024. Mnajua mwaka ule. Aprili, Ramadhani ikiishilizia, Mto Rufiji ulipanda ukafunika mashamba ya bonde, mpunga uliokuwa shambani ukalala majini, na watu wakahamia miinukoni kwa ndugu au kwenye makambi. (Kama ni mvua tu au ni Bwawa la Julius Nyerere, lililoko juu ya mto, nalo lilichangia, hapa kwetu watu wanabishana hadi leo, na ubishi huo siuingii.) Kaka na familia yake walipokewa na wakwe. Nyumba ya vyumba vitatu, watu hawahesabiki. Julai, wifi yangu akanipigia simu akinong'ona, kama vile mtandao nao una majirani: mtoto hajaziona siku zake tangu mwezi wa nne.

Mambo haya kwetu ni ya shangazi. Baba hasemi na binti yake habari za mwezi, na mama naye huona haya, hutafuta somo au shangazi wa kuyabeba. Nilipofika nikakuta kesi imeshahukumiwa. Kaka hakuwa anazungumza na mtoto. Mama mkwe alikuwa na jina la kijana mmoja wa bodaboda mdomoni, kisa aliwahi kumpa binti lifti siku ya mvua. Bibi mwingine, mtulivu zaidi, alisema ni chango la uzazi, akaleta mizizi ya kuchemsha ya kushusha siku. Mtoto alikuwa amekaa ukutani, sketi ya shule ameibana kiunoni kwa pini mbili kubwa. Pini zile ndizo nilizoziona mimi, nikajiuliza sketi iliyokuwa inamtosha Januari imekuwaje ikahitaji kubanwa.

Kuhusu mizizi, niliomba isubiri. Kama kuna mimba, dawa ya kushusha inaweza kumvujisha damu mtu mpaka ikawa msiba, na kama hakuna mimba, hakuna cha kushusha. Tukaenda zahanati.

Nesi alipokea shikamoo za mtoto, akanitazama mimi, akasema kwa adabu kwamba anaomba azungumze naye wawili tu. Niliudhika kidogo, nauli nimelipa mimi. Baadaye nilimshukuru. Yaliyosemwa mle ndani nilihadithiwa na binti mwenyewe tulipokuwa njiani kurudi, kwa hiari yake, na sehemu nyingine alizibakiza kwake. Nesi alianza na swali ambalo lazima liulizwe, kama amekutana na mwanamume, lakini aliliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza umri. Akauliza kama amemeza P2, vile vidonge vya dharura wanavyonunua wasichana dukani, kwa sababu vinaweza kuisogeza hedhi mbele au nyuma kwa siku kadhaa. Akapima mkojo: hakuna mimba. Akapima malaria. Akapima wingi wa damu, ulikuwa chini. Akampandisha kwenye mizani, akalinganisha na uzito uliokuwa umeandikwa kwenye daftari lake la zamani la matibabu, akanyamaza kidogo. Halafu ndipo akauliza ambalo hakuna mtu nyumbani alikuwa ameuliza. Unakula saa ngapi, na unakula nini?

Mlo mmoja, jioni. Ugenini mtu huona haya kujipakulia, na chakula chake alikuwa anawasogezea wadogo zake. Shule ilikuwa mbali kuliko zamani, akitembea asubuhi na jioni. Mtihani wa mock ulikuwa umekaribia, na usiku alikuwa anasoma kwa tochi ya simu mpaka chaji iishe. Shemeji mmoja wa wakwe alikuwa amefariki kambini. Ukiyaweka hayo pamoja unapata jibu lote, na hakuna bodaboda humo.

Nilipoelewa vizuri jinsi jambo hili linavyotokea, niliona kwamba mtu wa Rufiji angepaswa kulielewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote. Mto wetu hauanzi hapa. Kilombero na Luwegu hukutana huko juu, Ruaha Mkuu huingia baadaye, na maji yanayopita chini ya Daraja la Mkapa pale Ndundu ni mvua iliyonyesha Mahenge, Udzungwa na nyanda za Njombe siku nyingi kabla.  Mto unaweza kujaa jua likiwaka, au ukabaki chini na hapa mvua inanyesha. Wazee waliolima bondeni walijua kwamba maji yakichelewa, hakuna faida ya kusimama ukingoni na kuyakasirikia. Uliza kule juu kulikuwaje.

Hedhi nayo ndivyo ilivyo. Damu tunayoingojea ni mwisho wa safari. Mwanzo wake uko kwenye ubongo, ambao hutuma homoni kuziamsha ovari, na kwenye ovari yai hukomaa polepole kisha hutoka. Yai likishatoka, siku zinazobaki hazibadiliki sana. Baada ya takriban wiki mbili, kama mimba haikushika, ukuta wa ndani wa mji wa mimba unabomoka na damu inatoka. Kinachoyumba ni sehemu ya kwanza, ile ya kukomaza yai. Chukua mwanamke ambaye kwa kawaida yai lake hutoka siku ya 14 na damu huja siku ya 28. Mwezi huu akapata homa kali, au akawa na msiba, yai likatoka siku ya 24. Damu yake itakuja karibu siku ya 38. Kuanzia siku ya 29 atakuwa hapati usingizi, anahesabu vidole, lakini zile siku kumi hazikupotea wiki hii. Zilipotea zamani, wakati yeye hana wasiwasi wowote na pengine homa yenyewe ameshaisahau.

Na upungufu wa chakula ukiwa mkubwa, kama ulivyokuwa kwa binti yetu, ubongo unaacha kabisa kutuma ujumbe. Yai halitoki, damu haiji. Jambo hili lilionekana wazi Uholanzi, majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, Wajerumani walipoziba njia za chakula na mgao wa mjini ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Wanawake wengi walikosa hedhi, na miezi tisa baadaye watoto waliozaliwa walikuwa wachache mno. Wachezaji wa riadha wanaojifua kupita kiasi huku wanakula kidogo wanajua habari hizi pia. Na si jambo la kusema basi, nimepumzika pedi. Msichana anayekaa muda mrefu bila hedhi kwa sababu ya njaa, mifupa yake inadhoofika katika umri ambao ingepaswa kuwa inajijenga.

Kuna imani moja ambayo nimeisikia kwa wasomi na wasiosoma: kwamba siku zisipokuja, damu inabaki tumboni, inajikusanya, inaoza, inapanda kichwani. Ndiyo inayowauzia watu dawa za kusafisha. Wanawake wanaochoma sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu, ndio wanaoteswa nayo zaidi. Sindano hiyo inazuia yai lisitoke na inaufanya ukuta wa mji wa mimba ubaki mwembamba, kwa hiyo wengi huona matone ovyo ovyo mwanzoni, halafu baada ya muda hawaoni kitu. Damu iko wapi? wananiuliza, kana kwamba nimeificha mimi. Haipo. Haikutengenezwa. Tangu Desemba 2022 lile Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, watu wa chini tumejifunza kwamba mto una lango huko juu. Tofauti ni kwamba nyuma ya bwawa maji yanajikusanya kweli, na nyuma ya sindano hakuna kitu kinachojikusanya. Mwenye kuacha sindano asishangae pia ikichukua miezi kadhaa, hata kukaribia mwaka, kabla mwili haujarudi kwenye utaratibu wake. Wengi huacha Januari, Machi wanalia kwamba wamefungwa kizazi, Aprili wako kwa mganga.

Mengine niyapite haraka. Msichana aliyevunja ungo juzi, miaka miwili mitatu ya mwanzo siku zake hazina ratiba, na kupishana hadi siku 45 kwa umri huo si ugonjwa. Kwa mtu mzima, siku 21 hadi 35 ni kawaida, na hakuna sheria kwamba lazima ziwe 28. Yupo ambaye kila mara huchelewa miezi, anaota ndevu kidevuni na chunusi hazimwishi. Huyo huenda ovari zake zina tatizo la homoni ambalo humpata takriban mwanamke mmoja kati ya kumi, na linatibika vizuri zaidi likijulikana mapema. Tezi ya shingo ikizidi au ikipungua kufanya kazi huvuruga siku. Dawa fulani za magonjwa ya akili pia. Anayenyonyesha mchana na usiku huweza kukaa miezi bila kuona, ila ajue kwamba yai la kwanza hutoka kabla ya damu ya kwanza. Anaweza kushika mimba bila kuwa ameona siku hata mara moja tangu ajifungue, kisha majirani wamseme kwamba amembemenda mtoto.

Hapa nisieleweke vibaya. Kuna watu, hasa mjini, ambao siku hizi kila kitu wanasema ni msongo wa mawazo, na wanaridhika hapo. Njaa ilimkausha binti wa kaka yangu, lakini nesi hakuanza na njaa. Alipima mkojo kwanza. Mimba ndiyo sababu ya kwanza ya kutafutwa kwa yeyote aliyeanza kukutana na mwanamume, na kuitafuta si kumtukana mtu. Kipimo kikionyesha hakuna, na siku bado hazijaja, hurudiwa baada ya wiki, kwa sababu yai lililochelewa linachelewesha pia majibu. Na upo mchanganyiko mmoja ambao hausubiri wiki wala kesho: siku zimechelewa, tumbo linauma vikali upande mmoja chini, mtu anahisi kizunguzungu au anaanguka, pengine na matone ya damu au maumivu ya bega. Hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, na ikipasuka mwanamke hutoka damu kwa ndani hadi kufa. Kwa mtu aliyeko barabarani Ikwiriri ni suala la kupata gari. Kwa aliyeko ndani ya delta ni suala la boti, mafuta ya boti, na maji kujaa au kupwa, na ndiyo maana dalili hizo zinatakiwa kujulikana na nahodha na mwenyekiti wa kitongoji, si shangazi peke yake.

Kwa habari ya chango, sina ugomvi na bibi aliyeleta mizizi. Angalau yeye aliamini mtoto. Katika nyumba ile iliyojaa watu yeye peke yake alitafuta sababu ndani ya mwili wa msichana badala ya kuitafuta kijiweni kwa bodaboda. Lililonisumbua ni kwamba makungwi wetu, waliofundisha vizazi na vizazi usafi, adabu, shanga na jinsi ya kukaa na mume, hawakuwahi kumfundisha mwali kuandika. Binti yetu alipoulizwa hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini alijibu, kabla ya Idi. Ilibidi nesi achukue kalenda ya ukutani, warudi nyuma pamoja wakitumia Idi, mafuriko na siku ya kuhama. Siku hizi ana daftari dogo. Hakuna aliyemlazimisha, na kaka hajui lipo.

Kaka, tuliporudi, nilimweleza kwa maneno machache: mtoto hana mimba, ana njaa. Sijapata kumwona mtu mzima akikosa pa kuweka macho namna ile. Hakuomba radhi, wanaume wa rika lake hawaombi radhi kwa watoto. Lakini kuanzia jioni ile sahani ya binti ilipakuliwa kwanza, na mama mkwe hakulirudia tena lile jina. Maji yalikuwa yameshashuka, bonde limebaki na tope zuri, wakapanda mahindi ya mlao kama wafanyavyo watu wa Rufiji kila baada ya mafuriko. Mahindi yalipoanza kuchomwa, siku zake zilikuwa zimerudi, mtihani wa Novemba bado mbele. Kama zilirudishwa na mahindi, na usingizi au na baba yake kuanza kumsemesha, nesi mwenyewe alisema hawezi kuzitenganisha.

Kisa kingine kimo humu humu kwenye ukoo, nacho kimegeuka kichwa chini miguu juu. Dada yangu mkubwa alikuwa na miaka 46 siku zake zilipoanza kuruka, mwezi zipo, mwezi hazipo, kisha zikakoma. Hakuna aliyeuliza nani. Hakuna aliyeuliza chochote. Wote tulijua amefikia ukomo, naye akajua, akawagawia wadogo zake pedi zilizobaki. Hakuna aliyemwambia kwamba ukomo huhesabiwa baada ya miezi 12 mfululizo bila damu, na kwamba kabla ya hapo ovari bado zinaweza kutoa yai siku yoyote zitakayo. Alipoanza kuhisi kitu kinatembea tumboni alimeza dawa ya minyoo. Mara ya pili akaenda hospitali, wakamweka kwenye ultrasaundi, na daktari akamgeuzia kioo ili aone mwenyewe: miezi mitano, mtoto wa kiume, anapiga mateke. Nesi aliyekuwa akimwandikia kadi ya kliniki alimuuliza kwa nini hakupima mkojo mapema. Dada akamjibu kwamba siku zote alijua kipimo kile ni cha wanafunzi.